Kazi Ndani ya Makazi

Kibao kilisimikwa Jumanne asubuhi, na Fundi alikisoma akiwa na pini tatu mdomoni. Alikuwa amepiga magoti barazani akikunja pindo la sketi ya mteja, na kwa kuwa ukuta uliomtenga na kiwanja cha jirani ulimfika mtu kiunoni tu, aliwaona vibarua wawili wakichimba mashimo, wakasimamisha nguzo mbili na bati jeupe juu yake. Maandishi yalikuwa makubwa. Ombi la kubadilisha matumizi ya ardhi. Kutoka: makazi. Kwenda: biashara, kituo cha mafuta. Mwenye pingamizi aliwasilishe kwa maandishi ndani ya siku thelathini.

Alizitema pini moja moja kiganjani. Mteja akauliza kama ni mafuta ya kula, maana hayo yangewafaa. Fundi hakucheka. Alichukua tepu yake ya kupimia nguo, ya mita moja na nusu, akaenda ubavuni mwa nyumba, akapima kutoka ukutani hadi dirisha la chumba wanacholala. Tepu mbili na robo tatu. Akapima tena, kama mtu anayetumaini kiuno cha mteja kimepungua tangu asubuhi. Tepu mbili na robo tatu.

Kinyozi, aliyekaa nyumba ya sita kutoka hapo na aliyejua kila kitu kwa sababu kila kichwa kilipita mikononi mwake, ndiye aliyemletea habari yenyewe mchana ule. Jiji lina kanuni, alisema. Nyumba ya kulala watu haitakiwi ndani ya mita thelathini za matangi ya mafuta. Mwenye Malori, aliyenunua kile kiwanja, akishapewa ruhusa, barua itakayofuata itakuwa ya Fundi.

"Sasa atakayehama ni nani, tangi au sisi?" Fundi aliuliza.

"Tangi likishazikwa halihami," alisema Kinyozi.

Tangu saa ile hofu iliingia ndani ya nyumba ile, ikakaa kama mgeni asiyesema ataondoka lini. Fundi alishona zipu kichwa chini miguu juu, kosa ambalo hakulifanya hata alipokuwa mwanafunzi. Akaanza kusikia harufu ya petroli kwenye shuka, kwenye maji ya kunywa, kwenye nywele za binti yake, ilhali kiwanja kilikuwa bado na majani tu na mbuzi wa mtu.

Mumewe ndiye aliyesema wasilie, waandike. Alikuwa karani wa shule kwa miaka thelathini na moja, na ingawa alikuwa amestaafu, mtaa mzima ulimwita Karani. Hilo halikuwa la ajabu. Katika mtaa ule jina la mtu lilikuwa kazi yake. Kulikuwa na Fundi, Kinyozi, Fundi Viatu, Mama Mkaa, Bwana Betri aliyechaji betri za magari, na Daktari ambaye alitengeneza redio. Mtu angeweza kuishi pale miaka ishirini, akazikwa, ndipo majirani wajue jina lake siku ya matanga.

Walikutana kwenye baraza la Fundi siku ya Jumapili, watu kumi na wanne. Karani aliwasomea rasimu akiwa amevaa koti. Alikuwa amepiga mistari kwa rula na kalamu nyekundu, mistari iliyonyooka kiasi kwamba ungedhani imechapwa: namba, jina, sahihi. Mama Mkaa akaitazama karatasi kwa muda, akasema jina lake la kitambulisho hata mumewe hulisahau. Jiji likija kumtafuta kwa jina hilo, nani atamwonyesha? Wakacheka. Karani akafikiri, akachukua rula, akaongeza safu ya nne: kazi.

"Na ni vizuri zaidi hivi," alisema. "Wakisoma huko wajue hapa hapakai wahuni. Ni watu wenye kazi zao."

Lilikuwa neno zuri, na watu walinyoosha migongo. Kinyozi akadakia kwamba hata neno makazi lenyewe lina kazi ndani yake, litazameni vizuri, ma-kazi, yaani kazi nyingi mahali pamoja. Karani, ambaye hakupenda mzaha katika barua rasmi, safari hii aliupenda, akauweka. Barua ikaanza hivi: "Sisi wakazi wa hapa tunapinga. Hapa ni makazi yetu, na kazi zetu ni hizi zifuatazo." Chini yake wakaandika mmoja mmoja, kwa fahari, kama watu wanaotia sahihi cheti cha ndoa. Fundi Viatu aliongeza kwamba yuko pale miaka kumi na moja. Bwana Betri akaongeza kwamba anahudumia magari hata ya mitaa mingine. Fundi aliandika: ushonaji, mashine nne, wasichana watatu, sare za shule tatu, miaka kumi na saba.

Karani aliipeleka mwenyewe, akarudi na nakala iliyogongwa muhuri. Wiki ile Fundi angalau alipata usingizi.

*

Afisa wa mipango miji alikuja siku ya ishirini na mbili. Alikuwa mwanamke kijana, viatu vya chini vilivyojaa vumbi, ubao wa kuandikia mkononi na kamera shingoni. Hakuwa na kiburi. Alipiga hodi, akasubiri, akakaa pale alipoonyeshwa. Alieleza kwamba ombi kama lile hupimwa kwa mambo kadhaa: mpango mkuu wa jiji unasemaje, barabara itabeba magari mangapi, maji machafu yataelekea wapi, usalama ukoje, majirani wanasema nini, na eneo lenyewe lina tabia gani.

"Tabia?" Fundi aliuliza. "Eneo nalo lina tabia?"

"Ndiyo, mama. Watu wanaishi tu, au wanafanya biashara? Tunaangalia palivyo kwa kweli, si palivyoandikwa kwenye ramani ya zamani."

Fundi alilielewa neno tabia kama linavyoeleweka na kila mtu aliyelelewa vizuri, akaona wanapimwa adabu. Basi akafanya bidii. Alimtolea soda baridi. Akamtembeza sebuleni, ambako hapakuwa na kochi hata moja ila mashine nne zimepangwa kuelekea mwanga, meza ya kukatia, pasi mbili, na sare zimening'inia ukuta mzima kwa ukubwa. Wasichana watatu walisimama kusalimu. Afisa alipiga picha. Aliuliza wateja ni wangapi kwa siku, na Fundi, ambaye siku ile alikuwa amepata wawili, akasema kumi na tano.

Afisa aliacha kuandika. Akatazama mlango wa chumba cha kulala, uliokuwa wazi kidogo, kitanda kikionekana na juu yake robota la kitambaa cha bluu.

"Mama, una uhakika unataka niandike hivi?"

"Andika, mwanangu. Sina cha kuficha."

Afisa akaandika. Alipofika kibarazani aligeuka kama mtu aliyesahau kitu, akafungua mdomo, kisha akashukuru kwa soda. Mdomo uliponza kichwa, wahenga walisema, lakini hawakusema kwamba kichwa huwa cha mwisho kujua.

*

Wenye pingamizi waliruhusiwa kwenda kusoma taarifa wiki moja kabla ya kikao. Karani alivaa koti lake akaenda. Alisimamishwa kaunta saa nzima, kwa sababu aliyekuwa na ufunguo wa kabati alikuwa ametoka, na aliporudi alimwuliza kwa sauti ya kusikika na wote kama babu anajua kusoma au asomewe. Mtu aliyeandika majina ya watoto elfu sita kwa mkono wake akajibu kwamba anajua kidogo. Akapewa jalada na kiti kisicho na mgongo.

Alirudi nyumbani saa nane mchana, akakaa ukingoni mwa kitanda bila kuvua viatu. Fundi alimwona kupitia mlango uliokuwa wazi, akasimamisha mashine, akawaambia wasichana waende wakale.

"Wamekataa barua yetu?"

"Hawakukataa. Wameipenda." Karani alikuwa akizungumza na mikono yake. "Mtaalamu wa Mwenye Malori ameiambatisha kwenye ombi lake. Kiambatisho cha tatu. Amekipa na kichwa cha habari: Ushahidi wa majirani kwamba eneo limekwisha kuwa la biashara."

Fundi hakuelewa, ikabidi aelezwe mara mbili. Jiji likikuta mahali ni pa kuishi watu, haliruhusu kituo cha mafuta. Likikuta biashara imekwisha kupajaa, linasema basi, tabia yake imebadilika, acha karatasi ifuate. Na majirani kumi na wanne walikuwa wamejitokeza wenyewe, kwa sahihi, kusema kwamba hapo kuna kiwanda cha sare, kinyozi, duka la mkaa na gereji ya betri. Picha za afisa zilifuata nyuma: mashine nne, kitanda chenye robota.

"Ile safu ya nne," alisema Karani. "Rula yangu. Wamepiga nakala hadi wino mwekundu unaonekana."

Kikulacho ki nguoni mwako, lakini hiki alikishona mtu mwenyewe, kwa sindano yake, akakivaa. Fundi alitaka kumkasirikia mumewe akashindwa. Mume alikuwa amevaa koti kwenye joto lile, na jasho lilikuwa limelowesha kola ambayo Fundi mwenyewe aliigeuza mwaka juzi ilipochakaa. Akamvua viatu. Alipokuwa akifungua kamba aliogopa kuliko siku ya kibao, maana siku ile adui alikuwa upande wa pili wa ukuta.

Siku mbili baadaye alikuja Kinyozi. Hakukaa. Alisema habari imeenea, na watu wameongea. Wao wako mbali na yale matangi, mita hamsini, sabini. Nyumba zao haziguswi. Lakini kama kikao kitasema hapa ni makazi matupu, jiji litauliza kinyozi anafanya nini kwenye makazi matupu.

"Sisi tulitia sahihi kwa ajili yako, Fundi. Hatukuwa na shida na mtu." Alikuwa anaongea taratibu, kama anavyoongea na mtoto anayeogopa wembe. "Ukiulizwa kule, sema ni karakana. Waache wapate kituo chao. Wewe utalipwa fidia, utapata pa kushonea. Sisi tutabaki tunavyokaa."

"Fidia ya nini, kama nikisema ni karakana? Watalipa karakana. Nyumba nitakuwa nimeikana."

Kinyozi alikuna kichwa chake kilichonyolewa. Hakuwa mtu mbaya. Ukiona cha mwenzio kinanyolewa, chako tia maji, na yeye alikuwa anatia maji.

"Fikiria kumi na watatu," alisema, akaenda.

Fundi alifikiri. Alifikiri akikata, akipiga pasi, akigeuka kitandani. Nyumba ile ilijengwa kwa mashine. Kila tofali lilipita kwenye tundu la sindano. Bila mashine nyumba ingewalisha nini? Pensheni ya Karani ilitosha unga na dawa zake za presha. Bila nyumba mashine ingekaa wapi? Walikuwa na binti mmoja wa miaka kumi na sita aliyeanza kuuliza kama ahamishe vitabu vyake. Mkono wa kulia ulikuwa unaulizwa kama unautaka wa kushoto.

*

Ukumbi wa kikao ulikuwa na feni kubwa na viti vya plastiki. Mezani walikaa wajumbe saba. Katikati mwenyekiti, mwanamume wa makamo mwenye miwani aliyekuwa akisoma kila karatasi kweli kweli, na hilo lilimtisha Fundi zaidi, maana alikuwa ameomba Mungu ampe mtu mvivu. Afisa kijana alikaa pembeni. Hakumtazama.

Mtaalamu wa Mwenye Malori alizungumza kwa upole mwingi. Hakumtukana mtu. Aliwashukuru majirani kwa ukweli wao, akasema ni nadra kupata eneo ambalo wakazi wenyewe wamelifanyia utafiti. Watu wakacheka kidogo. Karani hakucheka. Alikuwa ameweka mikono juu ya magoti, rula ikichungulia mfuko wa koti, na Fundi akatamani angeiacha nyumbani.

Barua ya pili ya Fundi, aliyoiandika na Karani baada ya lile jalada kusema nyumba ni ya kulala, ilisomwa. Mwenyekiti akavua miwani.

"Mwenye pingamizi namba moja asimame. Mama, nina karatasi zako mbili. Moja inasema kazi, nyingine inasema makazi. Kamati haiwezi kupima vitu viwili. Pale pako ni nyumba au ni karakana?"

Fundi alisimama. Alijua bila kugeuka kwamba nyuma yake wamekaa wote: Kinyozi, Fundi Viatu, Mama Mkaa na Bwana Betri. Alisikia kiti kimoja kikilia. Aligeuka kidogo, akamwona Kinyozi anatazama sakafu. Akakumbuka tepu mbili na robo tatu.

"Ni nyumba," alisema.

"Sema kwa sauti, mama. Chombo hakikurekodi."

"Ni nyumba. Tunalala pale."

"Na hizi mashine?"

Hakuwa amejiandaa kwa hilo. Uongo ukamtoka mwembamba, kama uzi uliokwisha kwenye bobini. "Za kushonea nguo za nyumbani. Za mtoto."

"Una watoto wangapi?"

"Mmoja."

"Mashine nne."

Ukumbi ulicheka, na safari hii ulicheka sana. Hata mjumbe mmoja alijificha nyuma ya jalada. Mwenyekiti aligonga meza. Aliuliza, bila dharau, kama basi yeye si fundi cherehani, kwa sababu anataka liandikwe sawasawa. Fundi alitazama mikono yake, yenye alama za sindano ambazo hazitoki hata kwa chumvi.

"Mimi ni mama wa nyumbani," alisema.

Uamuzi ulisomwa mchana uleule. Ombi limekataliwa, kamati imeridhika, kwa ushahidi wa jirani anayepakana, kwamba eneo bado ni la makazi. Karani akamshika mke wake kiwiko. Lakini mwenyekiti alikuwa na aya ya pili, na aliisoma kwa sauti ileile. Kwa kuwa eneo ni la makazi, na kwa kuwa orodha iliyo mbele ya kamati inaonyesha shughuli kumi na nne zisizo na kibali, idara ya usimamizi ihakikishe zimesitishwa ndani ya siku kumi na nne. Orodha ikabidhiwe kwa wakaguzi kama ilivyo.

Kama ilivyo maana yake na majina, na kazi, na miaka, na sahihi. Mistari ilikuwa imenyooka kabisa.

*

Kibao cha kiwanja kiling'olewa Ijumaa. Baada ya hapo viling'oka na vingine. Bati la Bwana Betri, kioo cha Kinyozi kilichokuwa barazani, meza ya Fundi Viatu. Mama Mkaa aliyaingiza magunia chumbani, na sasa watoto wake walikuwa wakienda shule na weusi shingoni. Alikutana na Fundi kwenye bomba la maji, akahamisha ndoo yake upande wa pili, akasema kwa ndoo, si kwa mtu, kwamba wengine wana bahati ya kulala pazuri.

Hakuna aliyemgombeza. Afadhali wangemgombeza. Wakaguzi walikuwa wawili, walipita siku yoyote, wakiwa na nakala ya orodha, na walipokuwa wakipita mtaa mzima ulinyamaza kama darasa lililosikia viatu vya mwalimu mkuu. Hawakuhitaji kuuliza. Karani alikuwa amewaandikia kila kitu.

Wasichana wawili wakaaga. Wa tatu alisita kidogo, naye akaaga. Mashine tatu zilifunikwa shuka na kusukumwa nyuma ya kabati. Ya nne Fundi aliiweka chumbani, miguu yake imeviringishwa blanketi isilie sakafuni, dirisha limefungwa, pazia limeshushwa, na pale, mchana wa jua kali, alimalizia sare za watu waliokwisha kulipa. Alikuwa akishona mishono kumi kisha anasikiliza. Karani alikaa mlangoni na gazeti ambalo hakuwa akiligeuza.

Jumatano saa nne asubuhi ilibishwa hodi.

Mkono wa Fundi ukadaka gurudumu. Sindano ikasimama katikati ya kitambaa. Karani akamtazama, akainua kidole kimoja: mtu mmoja. Zilikuwa nyayo laini. Mkaguzi mmoja alikuwa na viatu laini.

"Hodi hapa," sauti ya mwanamke ikasema. "Fundi yupo?"

Miaka kumi na saba alikuwa ameitikia jina hilo kabla halijamalizika kutamkwa. Lilimjia hadi ulimini. Akalimeza. Akainuka, akapita katikati ya sebule tupu iliyokuwa na mwangwi sasa, akasimama nyuma ya mlango bila kugusa komeo.

"Hapa hakuna fundi," alisema.

Nje sauti ikasema samahani mama, nimeelekezwa vibaya, na nyayo zikashuka ngazi ya baraza. Fundi aliinua ncha ya pazia. Alikuwa mwanamke asiyemjua, kitambaa kipya kimekunjwa chini ya kwapa, anatazama huku na huku mtaani akitafuta mtu wa kumuuliza. Lakini barazani hapakuwa na mtu, kwa Kinyozi pamefungwa, kwa Mama Mkaa pamefungwa, nyumba zote zilikuwa nyumba tu.

Mwanamke akaenda zake. Fundi alirudi chumbani, akakaa, akaweka mkono kwenye gurudumu, akasubiri nyayo zile zipotee kabisa kabla ya kuthubutu kulizungusha.